Mmomonyoko wa Kawaida na Mmomonyoko wa Cheo Katika Picha Zenye Chenga

Ramani ya viwanja iliyopigwa skani Dodoma wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limetua juu ya kioo cha mashine, huonyesha vizuri tofauti ya njia mbili za kumega kingo za wino ili kusafisha picha: mmomonyoko wa kawaida na mmomonyoko wa cheo. Mofolojia ya picha, yaani uchambuzi wa picha kwa kufuata maumbo yake, iliyoasisiwa na Georges Matheron na Jean Serra nchini Ufaransa mwaka 1964, hupitisha dirisha dogo, tuseme la pikseli 3 kwa 3, juu ya kila pikseli ya picha.

Katika mmomonyoko wa kawaida, pikseli hubaki ya wino iwapo tu zote 9 dirishani ni za wino. Ukali huo una gharama: mstari wa mpaka wenye unene wa pikseli 5, ukitobolewa katikati na chembe moja nyeupe, hukatika kabisa, na utanuzi unaofuata (hatua ya kuunenepesha wino tena) hauuungi tena, hivyo kiwanja huonekana kama hakina mpaka upande mmoja.

Mmomonyoko wa cheo huridhika na pikseli 8 kati ya 9, kwa hiyo mstari uleule hubaki mzima na tundu lenyewe huzibwa. Kiwango kikishushwa hadi 6, hata hivyo, kingo zilizonyooka haziliki tena. Kikifika 5, umebaki na kichujio cha thamani ya kati (median) tu, ambapo pikseli hufuata rangi iliyo nyingi dirishani.

Kwa ramani zenye vumbi ningechagua 8, ingawa hesabu za njia ya kawaida ni safi zaidi: kuirudia operesheni ya ufunguzi (mmomonyoko ukifuatwa na utanuzi) hakubadilishi kitu, sifa ambayo njia ya cheo haiihakikishi.