Kulala bure kwenye msitu wa Kaibab, jirani na Grand Canyon: tathmini

Anayekwenda upande wa kusini wa Grand Canyon, lile korongo kubwa la jimbo la Arizona nchini Marekani, bila kuandaa malazi mapema hujikuta pabaya, kwa sababu vyumba vilivyo ndani ya hifadhi huwekewa nafasi miezi mingi kabla, na vile vya kijiji cha Tusayan, kilichopo nje kidogo ya lango, huuzwa kwa bei ya mtu anayejua kwamba mteja hana pengine pa kwenda. Hata hivyo, ukitokea mji wa Williams au wa Flagstaff, kabla tu ya kuingia Tusayan kuna barabara ya vumbi inayokata kulia na kuingia msituni. Inaitwa Forest Road 302, na pembeni mwake mtu yeyote anaruhusiwa kupiga hema chini ya misonobari bila kulipa hata senti moja. Familia yetu, inayoishi Phoenix, imeitumia katika majira tofauti ya mwaka, nami naitathmini hapa kama ambavyo ningetathmini nyumba ya wageni, ingawa ni nyumba ya wageni isiyo na mhudumu, bomba wala mlango.

Ni vyema kueleza kwanza ardhi hii ni ya nani, kwani hilo ndilo jambo lililomsumbua mama mkwe wangu alipotutembelea kutoka Morogoro. Tulipokuwa tukishusha mizigo alisimama kando ya gari, mkoba wake ungali begani, akauliza, "Mwanangu, mwenyeji wa hapa mmekwisha kumpigia hodi?" Nikamjibu, "Hapa hakuna mwenyeji, mama, ni msitu wa serikali." Jibu hilo lilizidi kumtia wasiwasi, na kwa mtu aliyezoea kwamba msitu wa serikali huingiwa kwa kibali, wasiwasi wake ulikuwa na msingi. Kaibab ni mojawapo ya misitu ya taifa ya Marekani, ambayo husimamiwa na Idara ya Misitu iliyoundwa mwaka 1905 ndani ya Wizara ya Kilimo, ilhali hifadhi ya Grand Canyon iko chini ya taasisi nyingine ya wizara nyingine. Korongo lenyewe na nyanda zinazolizunguka zilitengwa kwa pamoja mwaka 1893 kama hifadhi ya msitu. Baadaye sehemu ya korongo ikapewa ulinzi mkali zaidi, kwanza mwaka 1908, kisha ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1919. Msitu uliobaki nje uliendelea na matumizi yake ya kila namna, na hadi leo humo ng'ombe hulishwa, wawindaji wenye leseni huwinda, kuni hukusanywa na wasafiri hulala. Ndiyo maana hatua chache nje ya mpaka wa hifadhi unaruhusiwa kufanya mambo ambayo ndani yake yangekugharimu faini.

Ruhusa hiyo ina masharti, na masharti ni machache lakini si ya mapambo. Kikomo cha kukaa ni siku 14 ndani ya kipindi cha siku 30. Hupaswi kupiga kambi ndani ya robo maili, yaani mita 400 hivi, kutoka kwenye bwawa au birika ambako wanyama hunywa maji, na hilo ni agizo la sheria ya jimbo la Arizona lenye sababu ya wazi: katika nyanda kavu kama hizi, mnyama anayekuta hema kando ya maji huweza kugeuka na kuondoka na kiu yake. Magari hayaruhusiwi kupita popote isipokuwa kwenye barabara zilizochorwa katika ramani rasmi ya magari, inayotolewa bure na Idara ya Misitu na inayoweza kupakuliwa kwenye simu kabla ya safari. Njia isiyokuwamo katika ramani hiyo imefungwa kwa magari, hata kama ina alama mpya za matairi na inaonekana kupitika bila taabu.

Kuna jambo dogo kuhusu vibao vya barabara hizo ambalo lingewasaidia wengi kama lingeelezwa mahali pa kuonekana. Namba ya barabara ikiwa imeandikwa kwa mlalo, barabara hiyo kwa kawaida inafaa kwa gari dogo la mjini. Ikiwa tarakimu zimepangwa wima, moja chini ya nyingine, kwenye kijiti chembamba, barabara hiyo inataka gari lililoinuka, na mwenye gari la chini akiingia humo asishangae kusikia mawe yakigonga uvungu. Nimewaona watu wakisimama mbele ya kijiti cha namna hiyo, wakakisoma vizuri, kisha wakaingia na gari la kukodi.

Barabara 302 yenyewe hupitika na gari la kawaida wakati wa ukavu. Maili yake ya kwanza ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, na wanaoilalamikia kambi hii mara nyingi hawakuendelea mbele ya hapo. Ijumaa jioni, hasa majira ya joto, eneo hilo hujaa magari makubwa ya kulala ndani, jenereta zinanguruma, na kila gari linalopita linawamwagia wote vumbi jekundu. Mchana kutwa helikopta za watalii huruka kutoka uwanja wa ndege wa Tusayan na kurudi, na mlio wake hauna mti wa kuuzuia. Ukivumilia kuendesha dakika kumi na tano au ishirini zaidi, ukaingia kwenye mojawapo ya matawi yaliyoruhusiwa, idadi ya majirani hupungua hadi ukabaki na hema moja linaloonekana kwa mbali au usilione kabisa. Helikopta utaendelea kuzisikia, lakini hutulia jua linapokaribia kuzama.

Viwanja havina namba wala mipaka. Unatambua pa kukaa kwa udongo uliokwisha kukanyagwa na kwa duara la mawe lililoachwa na waliotangulia, na Idara ya Misitu inasisitiza utumie mahali pa namna hiyo badala ya kufungua pengine papya. Hapo ndipo ubora wa "huduma" unapotegemea tabia ya mtu usiyemjua. Duara la mawe tulilolikuta safari mojawapo lilikuwa na jivu lililogandamana, vifuniko vya chupa vilivyogeuka rangi, misumari ya mbao za kubebea mizigo zilizochomwa, na kipande cha karatasi ya bati kilichoyeyukia kwenye jiwe. Tulitumia saa nzima ya kwanza kuokota misumari kwa sababu ya matairi na miguu ya watoto. Nyuma ya mireteni, kwa umbali ambao mtu mvivu huona unatosha, kulikuwa na karatasi za chooni zinazopeperushwa na upepo. Hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote za mahali hapa, na msitu wenyewe hauhusiki nayo.

Suala la choo, kwa hiyo, lisemwe bila haya. Hakuna choo. Utachimba shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mbali na kambi na angalau mita 60 kutoka kwenye maji au mkondo, kisha utalifukia. Karatasi ni bora ziondoke nawe katika mfuko uliofungwa, maana katika ukavu huu haziozi upesi na wanyama huzifukua. Beba sepeto imara, kwa sababu udongo wa Kaibab una mawe na mizizi na vijiko vya plastiki vinavyouzwa kwa watalii hupinda mara moja. Mwenye wazee au watoto wadogo anaweza kununua choo cha kubebeka, yaani ndoo yenye kiti na mifuko maalumu, pamoja na kihema chake chembamba cha stara. Sisi tulifanya hivyo kwa ajili ya mama mkwe na gharama yake ilijilipa.

Maji nayo hakuna. Jaza madumu Flagstaff au Williams, usingoje kufika juu, kwani upande wa kusini wa hifadhi hutegemea bomba lililojengwa miaka ya 1960 linaloyavusha maji kutoka upande wa kaskazini wa korongo, na bomba hilo hupasuka mara kwa mara. Mwishoni mwa Agosti 2024 lilipasuka mahali kadhaa hadi wageni wa kulala wakasimamishwa kwa muda. Hesabu ya busara ni lita nne kwa kila mtu kwa siku, ukiongeza za kuosha vyombo na za kuzimia moto, ambazo wengi huzisahau.

Kuhusu moto, kanuni hubadilika kulingana na majira, na ni lazima kuuliza ofisi ya msitu kabla ya kuondoka nyumbani. Mei na Juni ndiyo miezi mikavu kupita yote, na mara nyingi moto wa kuni hupigwa marufuku kabisa hadi mvua za Julai zitakapoanza. Jiko la gesi linaloweza kuzimwa kwa kitasa kwa kawaida huendelea kuruhusiwa. Wapo wanaoliona agizo hilo kama usumbufu wa maofisa, ilhali mwaka 2011 moto wa kambi ulioachwa bila mtu mashariki mwa Arizona ndio uliozaa ule ulioitwa Wallow, ambao uliteketeza zaidi ya hekta 200,000 na kuvuka hadi New Mexico. Mwaka mmoja kabla yake, kando ya Flagstaff, moto mwingine wa kambi ulioachwa uliuvua mlima uoto wake, na mvua za msimu zilipofuata mafuriko yakaingia katika makazi yaliyokuwa chini ya mteremko. Pale moto unaporuhusiwa unaweza kuokota kuni zilizokwisha kufa na kuanguka, bila kukata mti uliosimama. Wakati wa kuuzima, mwaga maji, koroga, mwaga tena, kisha weka kiganja juu ya jivu. Likiwa bado na joto, kazi haijaisha.

Baada ya kasoro hizo zote, yafaa niseme kwa nini tunarudi. Eneo hili liko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na mtu wa Njombe au Limuru ataitambua baridi yake pindi tu jua litakapozama hata kama Phoenix asubuhi ile ilikuwa inaungua. Misonobari ya aina ya ponderosa hukua kwa nafasi, si kwa msongamano, hivyo mwanga hupenya hadi chini na unaona mbali kati ya mashina. Gome la miti iliyozeeka ni la rangi ya chungwa lenye mabamba makubwa kama ngozi ya mamba, na jua likilichoma adhuhuri, ukisogeza pua kwenye ufa wake unanusa vanila. Mama mkwe hakuamini mpaka alipojaribu mwenyewe. Kisha akazunguka mti hadi mti akilinganisha. Usiku, kwa kuwa mji mkubwa uko mbali, anga huwa na nyota za kutosha kumfanya mtoto wa Phoenix aulize zilikuwa wapi siku zote.

Wanyama utakaowaona zaidi ni elki, ambao ni wa jamii ya kulungu lakini dume lake lina uzito unaokaribia wa ng'ombe. Septemba madume huita majike kwa mlio mrefu unaoanza chini na kupanda hadi kuwa mluzi, na mgeni asiyeambiwa mapema atadhani kuna kitu kinachotisha nje ya hema. Wakae mbali nawe, nawe ukae mbali nao. Vyakula vifungiwe ndani ya gari, kwa sababu kunguru wa huku hufungua zipu ya mfuko wa mkate bila kusita na koyote, mnyama anayefanana na mbweha, hupita usiku kukagua walichobakiza. Vuli ni msimu wa uwindaji pia. Anayetembea msituni wakati huo avae nguo za rangi kali.

Upande wa fedha, tofauti ni kubwa lakini isitiwe chumvi. Kulala ni bure, ila kuingia hifadhini si bure: kiingilio cha gari kwa miaka kadhaa kimekuwa dola 35, kinachotumika siku 7, na mwaka 2025 ilitangazwa kwamba kuanzia Januari 2026 wageni wasio wakazi wa Marekani watatozwa dola 100 zaidi kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea, katika hifadhi 11 zikiwamo Grand Canyon. Mwenye ndugu wanaokuja kutoka Nairobi au Dar es Salaam alifanyie hesabu hilo mapema. Kutoka kambini hadi ukingo wa korongo ni mwendo mfupi wa gari, kwa hiyo unaweza kuamka gizani, ukanywa chai, ukawahi macheo bila kukimbizana. Majira ya joto lipo pia basi la bure linalowachukua watu Tusayan na kuwaingiza hifadhini, mradi wawe na tiketi ya kiingilio.

Kwa familia inayopiga kambi kwa mara ya kwanza, au yenye mzee asiyeweza kuchuchumaa, singependekeza kuanzia Barabara 302. Kusini kidogo mwa Tusayan, kando ya barabara kuu namba 64, Idara hiyohiyo ya Misitu ina kambi rasmi ya Ten-X, ya kulipia, yenye vyoo vya shimo, maji na meza, na misonobari yake ni ileile. Hufungwa majira ya baridi, wakati ambapo na barabara za msituni nazo hufunikwa na theluji. Mvua za Julai hadi Septemba zina taabu yake pia: udongo wa Kaibab ukilowa hunata kwenye matairi na kuwa utelezi, hivyo mawingu yakianza kujikusanya mchana, lisogeze gari karibu na barabara kuu kabla ya tone la kwanza.