The Americans episodi ya kwanza: nimeangalia na wifi, mpaka leo hatujaelewana

Kamwene wadau. Kuna watu kila siku mnaulizia season ya kijasusi ambayo siyo risasi mwanzo mwisho, haya mi nawaletea hii The Americans, siyo mpya, Marekani ilianza kuonyeshwa Januari 2013 kwenye chaneli ya FX ikaja kuisha 2018 ikiwa na season 6, lakini kama hujaiona kwako ni mpya na kwangu ilikuwa mpya. Naongelea episodi ya kwanza tu. Na ntasimulia vitu, kwahiyo kama we ni wa kununa ukiambiwa stori kabla hujaona, ishia hapa, sitaki lawama.

Mwaka ni 1981, Reagan ndo kwanza kaingia Ikulu, vita baridi imepamba moto. Kuna mke na mume, Elizabeth na Philip, wanaishi mtaa wa watu wa kawaida tu nje ya Washington, wana ofisi ya kukatia watu tiketi za safari, watoto wawili, gari zuri. Kumbe wote ni Warusi, mashushushu wa KGB, shirika la ujasusi la Warusi enzi hizo. KGB ndo iliyowaoanisha, ikawapa majina ya Kimarekani, wakapikwa lugha mpaka ikanyooka wakatumwa wakaishi. Watoto hawajui kitu. Na wao wenyewe wamekatazwa kuambiana walikotoka, yaani mtu umezaa naye, unamfulia, unajua anavyokoroma, ila jina alilopewa na mama yake hulijui. Hapo ndo waliponikamata.

Sasa kazi waliyopewa ni kumteka Timoshev, jamaa wa KGB aliyewasaliti akakimbilia kwa Wamarekani, wampeleke kwenye meli arudishwe kwao. Kwenye purukushani mwenzao mmoja akachomwa kisu, Philip akasema huyu hatumwachi hivihivi, wakapitia hospitali kumshusha, kufika bandarini meli imeshaondoka. Basi mtu yuko kwenye buti la gari kafungwa, gari liko gereji ya nyumbani, na asubuhi watoto wanakula wanajiandaa na shule kama kawaida. Halafu nyumba ya kuangaliana nao anahamia jirani mpya, wao kwa uungwana wao wanabeba keki wanaenda kumkaribisha, wanamuuliza kazi yako nini jirani, anasema FBI. Na siyo ile FBI ya kukimbizana na wezi wa benki, ni kile kitengo cha kuwinda majasusi wa Kirusi haohao. Wifi yangu akasema hawa wahame leoleo usiku, nguo waache.

Hapo kwa jirani mi nililalamika kidogo, nyumba zote za Marekani aende kuangukia hapohapo, mwandishi kajirahisishia kazi. Ila nimemsamehe maana yule mwigizaji, Noah Emmerich, ana macho fulani ya mtu anayecheka na wewe huku anakupima. Na nikawaza hawa kina Philip hapa Kihesa, Iringa, wasingetoboa hata mwezi. Balozi wa nyumba kumi angeshafika, mmetokea wapi, kabila gani, ndoa mmefungia kanisa gani, na mbona ndugu zenu hatuwaoni hata kwenye msiba? Kwetu mtu asiye na ndugu kabisa ndo wa kwanza kuitwa mtu wa kitengo, si unajua hata yule chizi wa stendi watu wanaapa kabisa kwamba ni usalama.

Nina saluni, kwahiyo niruhusuni niongelee mawigi. Sini ya kwanza kabisa Elizabeth kavaa wigi la blondi yuko baa ya hoteli anamlainisha mzee mmoja wa wizara ya sheria ili atoe siri. Mi macho yangu yote yalikuwa kwenye paji la uso, pale ambapo wigi la bei rahisi huwa linajisema lenyewe. Halijisemi. Limekaa, nywele za mbele zimeshushwa zikafunika mstari, na shingoni nyuma hakuna unywele wake hata mmoja uliochungulia. Sisi huku unasuka twende kilioni chini ndo wigi litulie, sa yeye na nywele zake zile laini sijui wamezibana na nini zikalala hivyo. Na akilivua tu anakuwa mtu mwingine kabisa, hata mabega yanashuka. Keri Russell huyo, mama wa watu kaiweza kazi. Mwenzie Matthew Rhys kwao ni Wales, kwahiyo ni Muingereza wa huko anaigiza Mrusi anayejifanya Mmarekani, na wala huwezi kushtuka.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu.

Naona Mmarekani akiangalia hii kitu lazima roho imsumbue, maana stelingi ndo adui wa nchi yake. Sisi hatuna timu pale. 1981 huku kwetu vita ya Kagera imeisha juzijuzi watu wako kwenye foleni ya sukari na sabuni, nchi msimamo wake ni kutofungamana na upande wowote, na silaha za hao Warusi ndo zilikuwa zinawasaidia wapigania uhuru wa kusini. Hapo Mgagao tu, Kilolo, miaka ya sabini ndo walikuwa wanafanyia mazoezi vijana wa Zimbabwe, wazee wa huko ukiwasikiliza hawamuongelei Mrusi kama jini. Kwahiyo mi na wifi hatukuuliza nchi gani ishinde. Tuligombana nani yuko sahihi kati ya mume na mke.

Philip kachoka. Anamwambia mkewe tuachane na haya mambo, tumkabidhi huyu jamaa kwa Wamarekani, tujisalimishe, watatupa mamilioni ya dola, tulee watoto wetu kwa amani. Huku maisha siyo mabaya, umeme haukatiki, chakula kipo. Elizabeth hataki hata kusikia, anamuona kama mtu aliyekunywa maji ya pale akalewa. Wifi akaruka upande wa kaka yake huyo wa kwenye runinga, "We wifi, hela zote hizo unaziacha, halafu watoto ukikamatwa wanalelewa na nani?" Nikamwambia ni kweli, kwa watoto Philip ana hoja, lakini mbona anapanga maisha ya wawili peke yake na hajawahi kumuuliza mwenzie kwanini anamchukia yule wa kwenye buti kuliko inavyotakiwa kikazi?

Maana kuna kitu. Wanaturudisha nyuma Elizabeth akiwa binti yuko mafunzoni Urusi, na Timoshev ndo alikuwa mkubwa wake pale. Alimbaka. Ni sini fupi ila nzito, kama ni jambo linalokugusa we peleka mbele tu, utaelewa bila kuiona. Miaka yote mume hajui, maana si wamekatazwa kuongelea ya nyuma. Basi siku Timoshev anapofunguliwa mle gerejini, Elizabeth kampiga mpaka ukuta umebonyea, yule bwana akaanza kuomba radhi, na kwa maneno yake mwenyewe Philip akaelewa. Angalieni uso wa Matthew Rhys hapo. Hajauliza swali hata moja. Sekunde ile mamilioni ya dola yakafutika, akamuua kwa mikono yake.

Wifi anasema hayo ni mapenzi. Mi nasema ni hasira, mapenzi tutayaona akitulia, maana kesho yake kile kilichokuwa kinamfanya atake kuacha kazi si bado kiko palepale? Hapo hatujamaliza mpaka leo, na baba watoto tulipomuita aamue akasema yeye alisinzia gari lilipofika hospitali.

Baada ya hapo kuna kipande cha usiku wakiutupa mwili, umewekwa ule wimbo wa Phil Collins, In the Air Tonight, ambao nao ulitoka 1981 hiyohiyo, wale wa zilipendwa za Kizungu mtaufurahia. Na ya jirani kuingia gerejini kimyakimya sisemi, ila msiende kupika muda huo.

Kingine kilichofanya niiamini ni kwamba aliyeitunga, Joe Weisberg, mwenyewe aliwahi kuwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Na siyo hadithi ya kubuni moja kwa moja, 2010 FBI walikamata watu 10 waliokuwa wanaishi Marekani namna hiihii, wakaja kubadilishana na Urusi kule Vienna, na kuna watoto wa hao watu wanasema hawakuwahi kujua wazazi wao ni Warusi.

Ubaya wake sasa. Picha ina giza, sini za usiku kwenye tivi yetu ilibidi tuzime taa. Ni ndefu, saa nzima na zaidi kidogo, na katikati kuna maongezi mengi, anayetaka mabomu ataboreka. Na jamani msiweke sebuleni na watoto au wakwe, zile dakika za mwanzo pale hotelini kaa na rimoti mkononi. Pia mkijaziwa kwenye flash hakikisheni sabutaito kwanza, mi nilikojaziwa walinipa zinazochelewa, mtu kashafunga mdomo ndo maneno yanatokea, ikabidi wifi awe anatafsiri kwa nguvu.

Mi naipa 9 kwa 10, hiyo moja nimekata kwa sababu ya jirani. Ya pili tunaangalia Jumamosi umeme ukiwepo, na aliyekwisha kuiona asije akaniambia kama Philip anakuja kuacha kazi.