Akhwani Safaa: Taarabu ya Kukaa na Kusikiliza

Ukishuka Unguja ukasema unataka taarabu, wenye hoteli watakupeleka wanakotaka wao. Mimi nilipelekwa hoteli moja ya ufukweni: kinanda cha umeme, mwimbaji mmoja, na kila wimbo umekatwa beti mbili ili wageni wawahi chakula. Nilitoka na hasira. Mtu aliyelelewa Tanga, mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, sauti ya mwimbaji Shakila ikitoka kila dirisha, hawezi kupewa taarabu ya nusu saa akashukuru.

Kwa hiyo haya nawaandikia wanaotaka kitu chenyewe. Watafuteni Ikhwani Safaa, au Akhwani kama wanavyoitwa na wenyeji.

La kujua kwanza ni kwamba Akhwani ilianza kama klabu ya watu kukaa pamoja. Iliundwa mwaka 1905, Mji Mkongwe, na wanaume waliotaka pa kukutana jioni, wazungumze, na wajifunze ule muziki ambao Sultani Sayyid Barghash aliuleta kasri kutoka Misri. Udugu ulikuja na muziki, na hadi leo havijaachana. Wengi wa wapigaji wana kazi zao za mchana; jioni ndiyo wanashika ala. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu waliijua klabu hii kwa jina la Malindi kwa miaka mingi, kisha jina la zamani likarudi, na mwaka 2005 ikatimiza miaka 100. Vikundi vingapi vya muziki kwetu vimefika umri huo? Bendi ya mtu mmoja hufa na mwenyewe. Klabu mzee akiondoka, kuna kijana aliyekuwa akikaa nyuma yake anamtazama vidole.

Mjomba wa mume wangu anapiga fidla, na ndiye aliyenichukua mazoezini. Nilidhani tutaanza na wimbo. Tulianza na ganuni. Ala ile ina nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji alizipitia zote kwa ufunguo wake mdogo, anadonoa, anakaza, anategea sikio, anadonoa tena. Hakuna aliyemharakisha. Mwenye ala ya udi aliegemea ukuta, wazee wawili wakawa wanaulizana hali ya mgonjwa fulani na nani kaenda kumtazama. Ganuni ilipokaa sawa, wengine wote wakalinganisha ala zao nayo, kisha jamaa akavaa pete zake za chuma kwenye vidole vya shahada, akachomeka vile vigwe vya kupigia, na bashraf ikaanza.

Bashraf haina maneno. Ni ala tupu, ndiyo hufungua kazi, na kwangu mimi ndiyo kipimo cha kundi. Hapo hakuna sauti tamu ya mwimbaji ya kufichia kasoro. Fidla zote zinapita njia moja, na zikifika kwenye zile robo za sauti ambazo kinanda cha kawaida hakina kabisa, lazima kila mtu aguse pahala pamoja kwa sikio tu. Waligusa. Nywele zilinisimama.

Sisi Tanga tulizoea gitaa na mwendo mwepesi, na sitaukana hata siku moja. Hapa mwendo ni mwingine. Fidla zinatangulia, nai, filimbi ya mwanzi, inapanda juu yake, ganuni inajibu peke yake, na mwimbaji bado ameketi mikono mapajani. Akimaliza ubeti, ala zinaurudia kana kwamba zinahakikisha umeuelewa. Mwanzoni kabisa klabu hii iliimba Kiarabu, nyimbo za Misri. Kiswahili kilipata nguvu kwenye taarabu mwimbaji Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, na leo mashairi ya Kiswahili ndiyo yanayoufanya ukumbi ugune.

Yaani wasikilizaji nao wana kazi. Usiku wa Idd, mama mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo aliuacha ubeti wa kwanza upite, akauacha wa pili, ulipofika wa tatu, wa mpenzi aliyeahidi na hakurudi, akainuka. Akaenda taratibu, bega linafuata ngoma ya dumbaki, noti mkononi, akamtunza mwimbaji kwenye mstari ule ule. Wanawake waliokuwa nyuma yangu wakatazamana. Aliyekusudiwa bila shaka alisikia. Hakuna aliyetajwa, hakuna aliyetukanwa. Wenye kupenda mipasho na rusha roho, taarabu ya vijembe vya wazi, wana kumbi zao, na raha yake naijua, lakini hapa hamtaipata. Wala asije mwenye haraka: wimbo mmoja unaweza kula dakika kumi na zaidi, na ukitoka katikati umepoteza nusu nzuri.

Nawapa tano kwa tano, na ningekuwa na sita ningewapa.

Ukienda, vaa vizuri. Watu wa pale huvaa hasa, udi na asumini utavinusa kabla hujaona kiti. Beba noti ndogo ndogo za kutunzia, maana kuazima kwa jirani wimbo ukiwa umeshakolea ni taabu. Kaa upande wa fidla, mbali na spika. Na kama una mwenyeji anayejuana na mwanachama, muombe akupeleke mazoezini siku za kuelekea Idd. Ukifika, waamkie wazee kwanza, kaa unapoonyeshwa, na simu ibaki mkobani walau mpaka bashraf iishe.