BEXUS: puto zuri, ila jihadharini na joto

BEXUS ni mpango wa Sweden na Ujerumani unaopandisha majaribio ya wanafunzi wa vyuo vikuu kwa puto la heliamu kutoka Esrange, karibu na Kiruna, hadi kilomita 25 au 30 hivi. Mnapewa umeme wa volti 28 kutoka betri za gondola, yaani kapu linaloning'inia chini ya puto, pamoja na mawasiliano ya redio na ardhini. Data hifadhini pia kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya kifaa, tena kadi mbili, kwa sababu mawimbi ya redio hukatika.

Wengi hujikinga na baridi ya nyuzi 50 au 60 chini ya sifuri, wakasahau joto. Kule juu hewa ni asilimia 1 hadi 3 tu ya ile ya ardhini, kwa hiyo feni ni pambo. Chipu iliyokuwa vuguvugu mezani inaweza kuungua. Ibaneni kwenye bamba la alumini lililoshikana na fremu, mpake grisi ya kupitisha joto katikati, kisha mjaribu kifaa kizima kwenye chemba ya ombwe, yaani iliyoondolewa hewa.

Kero ni makaratasi: hati ya jaribio hukaguliwa hatua kwa hatua, na timu isiyopenda kuandika itateseka. Mkitaka kutokuwa na uzito, puto halifai. Ombeni roketi ya REXUS, inayotoa kama dakika 2.