Oili ya Canter kuukuu: dumu mbili zilizoniponza na fundi wa jagi wa Chake

Canter yangu, lori dogo la Mitsubishi, ni ya mkono wa tatu, injini 4D33, silinda nne, cc 4,214. Mwaka mzima inabeba mchanga na mawe, na msimu wa karafuu ukifika inapeleka makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kiwandani Wawi, hapa Pemba. Ndani ya miezi minne nimeimwaga oili kwa mafundi wawili. Mmoja alitia lita kumi, mwengine saba na nusu. Hizo mbili na nusu za katikati nusura zinilie injini.

Fundi wa kwanza simtaji wala gereji yake siitaji. Siku hiyo alikuwa na msururu wa bodaboda zinamngoja. Akafungua nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ikatoka, akafunga, akabadilisha filta, kisha akamimina dumu mbili za lita tano moja kwa moja. Nikamuuliza, "Bwana, hii inashika lita ngapi?" Akasema, "Lori ni dumu mbili, nani asiyejua?" Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akanionesha: oili imekaa baina ya alama mbili, hakuna neno. Nikalipa nikaondoka.

Siku ya tatu, kwenye vilima vya njia ya Wete na mzigo wa mawe juu, utingo wangu akapiga bodi. "Bosi, huko nyuma kunafuka kama tanuri la chokaa." Moshi wa buluu, mzito. Nikajua basi, pete za pistoni zimekwisha, na nikaanza kupiga hesabu ya kufungua injini ambayo sina pesa yake. Asubuhi yake nikakuta dimbwi chini ya gari, pale injini inapokutana na giaboksi.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja Chake Chake anayefanya kazi chini ya mwembe. Shimo hana, jeki yake ni ya zamani kuliko gari yangu. Nikamwambia, "Ami, nadhani pete zimekufa." Akainama, akaangalia, akasema, "Mwanangu, usimzike mtu hajafa. Tuimwage kwanza tupime."

Hapo ndipo nilipoona kazi. Aliiacha injini ipate moto kidogo ili oili iwe nyepesi na itoke na uchafu wake. Akaikinga kwenye ndoo, akaacha idondoke mpaka tone la mwisho, kisha akaichota kwa jagi la lita moja huku anahesabu kwa sauti. Tisa na kitu, na hapo gari imeshavuja na kuchoma siku zote hizo.

Oili ikizidi, krenki, ule mhimili unaozunguka chini ya pistoni, inaifikia na kuipiga kama mtu anayekoroga sabuni, inatoa povu. Povu halilainishi vyuma. Shinikizo linapanda ndani, oili inatafuta pa kutokea: inasukuma sili, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, na nyengine inapita kwenye bomba la kupumulia mpaka inaingia kwenye silinda, na huo ndio moshi wangu wa buluu. Ami akaniambia kubaya zaidi ni injini ya dizeli kuanza kunywa oili yake yenyewe, maana hapo unazima ufunguo na yenyewe inazidi kuunguruma.

Lakini kijiti si kilisema sawa? Akakichomoa, akakilaza kwenye kiganja, akacheka. Si cha gari hii. Mtu aliyekuwa nayo kabla yangu kakipoteza cha asili akatia cha injini nyengine, kifupi. Kijiti kifupi hakifiki chini inavyotakiwa, kwa hiyo ili oili iguse alama lazima uijaze kupita kiasi. Kwa hiyo yule fundi wa haraka alidanganywa na kijiti pia, sitamtupia lawama zote. Hata hivyo, angepima kilichotoka angejua.

Ami ana kitabu cha Mitsubishi kilichorowa oili mpaka kurasa zinapitisha mwanga. Akasoma, akatia kwa jagi, filta mpya ikiwemo, saba na nusu. Kitabu hicho kina hesabu mbili, ya injini kavu iliyotoka kufunguliwa na ya kumwaga oili tu, na ya kwanza ni kubwa kwa sababu wakati wa kumwaga kuna oili inayobaki kwenye njia za ndani. Na hizo saba na nusu ni za sampo yangu, Canter yako huenda ina sampo nyengine. Akawasha injini dakika chache, akazima, akangoja kama dakika kumi gari ikiwa sehemu tambarare, akachomoa kijiti na kukwaruza alama mpya kwa tupa pale oili ilipofika.

Oili tuliyotia ni ya dizeli, uzito wake 15W-40, yenye herufi za CI-4 kwenye ndoo. Herufi C ndiyo ya dizeli. S ni ya petroli, na dukani watakuuzia yoyote ukinyamaza. CI-4 imetoka 2002 na injini hii ni ya zamani zaidi, lakini inakubali. Oili ya kupima kutoka pipani siitaki tena, hujui mna nini. Ndoo ya lita 20 inanitosha kumwaga mara mbili, na lita tano zinabaki za kuongezea.

Kasoro za Ami: ni mmoja na hana haraka, kazi ya saa moja kwake ni asubuhi nzima. Filta hana, yangu ilibidi niagize Unguja, ikaja na boti mpaka Mkoani. Ufundi alitaka elfu kumi na tano. Oili chafu aliibakisha, kuna jirani anaipaka kwenye nguzo za banda zisiliwe na mchwa.

Moshi umekwisha tangu siku ile. Mita ya kilomita ya gari yangu ilikufa zamani, kwa hiyo nahesabu safari kwenye daftari, na kila asubuhi nachomoa kijiti. Nikiona oili imekuwa nyeusi sishtuki, dizeli ndivyo ilivyo. Ikipanda juu ya alama yangu na kunuka dizeli, au ikiwa nyeupe kama maziwa, siwashi. Sili ya nyuma bado inadondosha matone mawili matatu usiku. Ami kasema tutaishughulikia masika yakipita, maana ni lazima giaboksi ishuke na chini ya mwembe kuna tope.