Cooperstown au Kansas City: historia ya besiboli uione wapi?

Wapenzi wa besiboli Marekani hawaachi kubishana juu ya hili. Jumba la Heshima la Cooperstown, New York, yaani makumbusho ya magwiji wa besiboli lililofunguliwa 1939, halina mpinzani kwa wingi wa kumbukumbu, lakini liko kijiji cha mbali na tiketi yake ni ghali zaidi.

Makumbusho ya ligi za Weusi (ligi za wachezaji Weusi waliozuiwa kucheza ligi kuu), Kansas City, ni madogo na kuyafikia ni rahisi. Mimi yananigusa zaidi: unaanza kwa kuchungulia sanamu za shaba kupitia wavu, na mwishoni tu ndipo unaingia uwanjani, ukasimama karibu na sanamu ya Satchel Paige, mrushaji mpira maarufu wa ligi hizo. Mwaka 2024 rekodi rasmi za ligi kuu zilimweka Josh Gibson, nyota wa ligi za Weusi, juu ya Ty Cobb, nyota mzungu wa ligi kuu, kwa wastani wa kupiga mpira wa .372 (mipigo iliyofanikiwa kama 37 kwa kila majaribio 100).

Una siku nzima na gari? Cooperstown. Unataka kuelewa kwa nini Gibson alicheleweshwa kutambuliwa? Kansas City.