Nimetumia AI ya kulinda imeili na kompyuta za ofisi miezi minne hapa Moshi, haya ndo niliyoyaona

Wadau wenye ofisi ndogo Moshi na Arusha, hasa nyie wa utalii, naomba msome hii. Nimelipia miezi minne huduma ya ulinzi wa mtandao inayotumia AI, nimefungiwa na vijana wa duka moja la kompyuta hapa Double Road. Jina siweki maana nina mazuri na nina malalamiko, anayelitaka anifuate inboksi.

Kwanza mjue kilichonifikisha huko. Sisi tunakodisha vifaa vya mlima, mahema, slipingi begi, magongo, na tunapandisha wageni wachache kwa njia ya Machame na Marangu. Mwaka jana mgeni wetu wa Ujerumani akaandikiwa imeili kwamba akaunti yetu ya benki imebadilika, dipoziti aitume kwingine, naye akatuma, dola 1,840. Ile imeili niliisoma mara tatu sioni kosa lolote, mpaka dada wa mapokezi alipoikuza kwenye simu ndo tukaona. Anwani yetu ina herufi m, na pale palikuwa na r na n zimebanana, ukipitisha jicho haraka ni m kabisa. Baya zaidi tukakuta mtu alishaingia kwenye imeili ya ofisi siku nyingi, kaweka amri kimyakimya kwamba kila ujumbe wenye neno invoice nakala iende kwake, kwa hiyo alikuwa anasoma mazungumzo yetu yote, anajua mgeni anakuja lini, anapanda njia gani, amebakiza shilingi ngapi. Na Kingereza chake kimenyooka kuliko changu, siku hizi matapeli nao wanaandikiwa na AI, ile ya kumjua mwizi kwa Kingereza kibovu imeshapita. Mgeni tulimpandisha mlima hivyohivyo na hasara tukabeba sisi, lakini mpaka leo nikikumbuka alivyokaa pale ofisini ameshika risiti ya benki roho inaniuma.

Sasa huduma yenyewe. Walikuja vijana wawili, masaa mawili wakamaliza, kompyuta nne wakaziwekea programu na imeili zetu wakaziunganisha. Kufungiwa ni 150,000, halafu kila mashine 28,000 kwa mwezi, kwa hiyo mimi natoa 112,000. Januari na Februari sihisi kitu, Aprili mvua zinapiga na wageni hakuna, hiyo hela inauma kweli.

Antivirasi za zamani zilikuwa zinalinganisha faili na orodha ya virusi vinavyojulikana, hii pamoja na hilo inaangalia mwenendo. Wiki mbili za mwanzo inajifunza tu, nani anaingia saa ngapi, kwa mashine ipi, anaandikiana na nani. Baada ya hapo kikitokea kitu kigeni inakushtua. Wiki ya sita, saa nane usiku, mtu akaingiza paswedi ya mhasibu wetu, paswedi sahihi kabisa, ila kutoka nchi ambayo hakuna mtu wetu aliyewahi kukanyaga. Ikafunga akaunti hapohapo, meseji ikaja kwenye simu yangu. Asubuhi kumuuliza, kumbe paswedi hiyohiyo alikuwa anaitumia kwenye mtandao mwingine wa manunuzi. Siku hiyo nilishukuru Mungu jamani, maana ndo mlango uleule tulioibiwa nao mwanzo. Na ule mchezo wa r na n sasa hivi inaukamata, imeili inakuja na mstari wa njano juu unasema anwani hii inafanana na ya mtu unayemjua lakini siyo yeye.

Malalamiko yangu. Kaka mmoja wa kwetu alienda Namanga kupokea wageni, simu ikashika mtandao wa Kenya, akafungiwa imeili mchana mzima na wageni wanamsubiri, kuwapata wale vijana kwenye simu ilichukua masaa matatu. Hilo hapana, mtu wa utalii hakai sehemu moja.

Lingine kubwa zaidi ni Kiswahili. Nilijaribu mwenyewe, nikafungua imeili mpya nikajitumia ujumbe wa kitapeli kwa Kingereza, ikaubloki. Nikauandika uleule kwa Kiswahili, akaunti ya benki imebadilika naomba ulipe kabla ya saa kumi, ukapita mpaka inboksi hauna hata alama. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" hazipiti huko kabisa, zinakuja kwenye simu, hizo dawa yake ni kuzipeleka 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kupiga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kwa hiyo mangi mwenye duka anayeishi kwa lipa namba na WhatsApp, simshauri alipie hii, atakuwa anatupa hela. Awashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada wakati wa kuingia, kwenye Gmail na WhatsApp, ni bure, awashe leo.

Halafu ukifungiwa huduma hii uliza imeili zako zinasomewa wapi. Sisi tunakaa na kopi za pasipoti za wageni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, inatubana hata sisi wadogo, na taarifa kwenda nje ya nchi ina masharti yake. Mimi niliuliza nikaambiwa "usijali", nikakomaa mpaka wakaniandikia kwenye mkataba. Wafanyakazi wangu pia nimewakataza kubandika pasipoti ya mgeni kwenye ChatGPT, wakitaka kuuliza kama ujumbe ni wa kitapeli wabandike maneno tu wakishatoa majina.

Naendelea kulipa mpaka Oktoba msimu uishe. Ile ya akaunti ya benki kubadilika hatuiachii mashine, mgeni anapigiwa kwa namba aliyotupa siku ya kwanza na anasikia sauti. Na kuhusu Kiswahili wale vijana wameniomba mifano wawapelekee wenye programu, wiki hii nimewatumia kumi na nne. Wenye imeili za hivyo za Kiswahili nitumieni, futeni majina kwanza.